Anayemaliza Kidato cha Nne Amemaliza Nini?

Kila ifikapo Novemba, katika shule za chekechea za Kilimani, Lavington hata Kawangware, watoto wa miaka mitano na sita huvishwa joho na kofia ya pembe nne. Mgeni wa heshima huhutubu, keki hukatwa, wapigapicha hupata riziki yao. Watoto wamehitimu. Wiki hizo hizo, mabarobaro wa kidato cha nne hutoka langoni mwa Nairobi School pale Waiyaki Way, au Lenana kule upande wa Ngong Road, sanduku la bati begani na godoro limefungwa kamba, wakisaka matatu. Joho hawana. Hakuna aliyewaambia kwamba wamehitimu, na kusema kweli hawajahitimu. Wamefanya mtihani. Mengine watayasikia Januari.

Wazazi wengi huona hii ni tofauti ya sherehe tu. Mimi naona ndio mfumo wenyewe unavyosema ukweli wake. Nchini Kenya hakuna afisi ya serikali inayomthibitishia kijana kwamba amemaliza elimu ya sekondari. Shule humpa cheti cha kuondoka: jina lake, nambari yake ya usajili, tarehe aliyoingia na aliyotoka, na mistari miwili mitatu ya mwalimu mkuu kuhusu tabia yake, mara nyingi ile ile aliyomwandikia mwenzake wa dawati la mbele. Waajiri hukitupia jicho wakakirudisha. Karatasi yenye uzito hutoka kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na KNEC haiulizi ulihudhuria darasa siku ngapi, ulisoma vitabu gani, au ulikaa shuleni muda gani. Inauliza uliandika nini katika wiki chache za mwisho wa mwaka. Ndiyo maana mtahiniwa wa kibinafsi aliyejisomea chumbani Kangemi baada ya kutoka mjengoni hupata cheti cha aina ile ile anayopata msichana wa Kenya High pale Kileleshwa. Upande huo wa KCSE, mtihani wenyewe wa kidato cha nne, ninaupenda, na sitaki tuupoteze.

Lakini tazama cheti chenyewe kinadai nini. Mwanafunzi husajiliwa kwa masomo yasiyopungua saba. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima. Kisha sayansi zisizopungua mbili, somo moja la jamii, na jingine la kuchagua, liwe Biashara, Kilimo, Kifaransa au Kompyuta. Kila somo lina gredi kumi na mbili, kutoka A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Masomo saba hujumlishwa, pointi 84 zikiwa ndizo kilele, na wastani hutoka hapo. Mwenye pointi 46 amepata C+ na mlango wa chuo kikuu uko wazi. Mwenye 45 amepata C, na mlango huo umefungwa. Aliyekosa karatasi huandikiwa X, aliyehusishwa na udanganyifu huandikiwa Y.

Katika orodha hiyo yote hakuna mahali palipoandikwa: chini ya hapa, hujamaliza. Mwenye E katika kila somo ana cheti. Katika mtihani wa 2023 waliopata E ya wastani walizidi 48,000, na kila mmoja wao alistahili kupewa karatasi yenye nembo na muhuri kama ya aliyepata A. Cheti kinamwambia msomaji kijana huyu alisimama wapi kwenye foleni. Kama anaweza kusoma barua ya benki akaielewa, au kupiga hesabu ya riba ya mkopo wa simu, hakisemi. Hakikuundwa kusema hayo.

Haikuwa hivi siku zote. Enzi ya ukoloni, shule hizi za magharibi mwa Nairobi zilitahiniwa kutoka Cambridge. Nairobi School yenyewe ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu, na mtihani wake ulisafirishwa kwa meli. Cheti cha Cambridge kilikuwa cha mafungu: hukupewa somo moja moja, ulipewa cheti kizima au ukakikosa chote. Ilibidi ufaulu idadi fulani ya masomo, na Kiingereza kiwe kimo. Aliyeanguka Kiingereza alikuwa ameanguka kila kitu, hata angekuwa bingwa wa fizikia. Ulikuwa ukatili, tena wa kikoloni, wa kuifanya lugha ya mtawala kuwa kizingiti cha kila maarifa. Hata hivyo ulikuwa na kitu ambacho tumekipoteza: mstari. Juu ya mstari umehitimu, daraja la kwanza, la pili au la tatu; chini yake hukuhitimu.

Mstari huo ulirithiwa. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika Kenya ikaanzisha KNEC mwaka 1980. Mtihani wa kidato cha nne wakati huo ulikuwa na madaraja manne, na chini ya la nne kulikuwa na kuanguka. Kisha ikaja ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981 na mfumo wa 8-4-4 uliozinduliwa 1985. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989, mwaka ule ule wa mwisho wa mtihani wa kidato cha sita. Madaraja yakafutwa, zikaja gredi kumi na mbili, na neno kuanguka likatoweka kwenye cheti, ingawa halikutoweka mezani kwa baba.

Mwaka 1989 huenda hilo lilionekana jambo la huruma. Kwa nini umwandikie kijana wa miaka 18 kwamba ameanguka? Lakini mstari ulioondolewa na serikali ulichorwa upya na wengine, kila mmoja mahali pake. Vyuo vikuu viliuweka kwenye C+. Polisi wanaandikisha kuanzia D+. Stashahada nyingi zinaanzia C-, na kozi za ufundi za ngazi ya cheti zinaanzia D. Jumla ya mistari hiyo ndiyo sera yetu ya kuhitimu, na hakuna bunge lililoijadili kama kitu kimoja. Mzazi ukimuuliza mwanawe alifaulu, hawezi kukujibu mpaka kwanza umwambie alifaulu kwa nani.

Takwimu zinaonyesha mistari hiyo inavyotawala. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A, na waliofikisha C+ walikuwa zaidi ya 165,000. Mwaka uliofuata, baada ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i kulivunja baraza la KNEC na kumkabidhi uenyekiti Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, A zilishuka hadi 141 na waliofikisha C+ wakabaki chini ya 89,000. Mwaka 2017 wenye C+ na zaidi walikuwa 70,000 na ushei. Tangu hapo tumepanda tena: katika matokeo ya 2024 yaliyotangazwa na Waziri Julius Ogamba Januari 2025, A zilikuwa 1,693, na waliofuzu kwenda chuo kikuu walikuwa zaidi ya 246,000, yaani robo ya watahiniwa hivi. Je, watoto wa 2017 walikuwa wajinga kuliko wa 2015 na wa 2024? Sidhani, na sijui mwalimu anayedhani hivyo. Wizi wa mitihani ulikabwa, usahihishaji ukabadilika, kisha kanuni zikabadilika. Cheti kilibaki na sura ile ile wakati kipimo chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Kanuni hasa. Agosti 2023 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Ezekiel Machogu, ilitangaza kwamba wastani hautakokotolewa tena kwa Kiingereza, Kiswahili, Hisabati na sayansi mbili kwa lazima. Sasa ungechukuliwa kwa Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, na masomo matano mengine yaliyo bora. Mimi nilikubaliana na mageuzi yenyewe. Yalimwondolea mtoto mwenye kipaji cha historia mzigo wa kemia. Kilichonikera ni kalenda. Watahiniwa wa mwaka huo walikuwa wamechagua masomo yao kidato cha pili na cha tatu kwa kanuni za zamani, na wakaambiwa mpya zikiwa zimebaki wiki chache wafanye mtihani.

Nimesema mstari wa kuhitimu haupo. Kuna mmoja, na kila aliyesoma bweni anaujua: fomu ya kliaransi. Baada ya karatasi ya mwisho, au miezi baadaye unaporudi kuchukua cheti, unazungushwa shule nzima na karatasi. Mkutubi anatia sahihi kwamba umerudisha vitabu. Fundi wa maabara anathibitisha huna deni la bika iliyovunjika. Mwalimu wa michezo, mwalimu wa bweni, wa idara hii na ile. Mwisho unafika kwa mhasibu wa shule, na hapo ndipo safari za wengi hukwama. Salio la karo. Shilingi elfu nane kwa huyu, elfu sitini kwa yule. Cheti chako kiko ndani ya kabati la chuma mita mbili kutoka uliposimama, na hutatoka nacho.

Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inakataza shule kuzuia cheti cha mtahiniwa, na mawaziri wa elimu wanaopokezana Jogoo House wameagiza mara kadhaa vyeti vitolewe. Agizo hutoka, magazeti huandika, kabati hubaki limefungwa. Ni rahisi kumlaumu mwalimu mkuu, na wapo wanaostahili lawama. Lakini serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka, na fedha hizo zimezoea kuchelewa na kufika nusunusu. Aliyeleta maharagwe na mahindi anadai. Fundi wa maji taka anadai. Mwalimu mkuu hana mahakama ya kumpeleka mjane wa Kawangware, wala hangependa kumpeleka, ana kabati. Hivyo deni ambalo kwa sehemu ni la Hazina ya Kitaifa hukusanywa kutoka kwa kijana asiye na kazi, kwa kumzuilia karatasi ambayo ingemsaidia kupata kazi ya kulilipa.

Na akipata cheti kisha akakipoteza kwenye moto wa nyumba za mabati? Sasa kuna utaratibu wa kuomba kingine kupitia mtandao wa KNEC, kwa ripoti ya polisi, hati ya kiapo na ada. Zamani haukuwepo: uliambulia barua ya kuthibitisha matokeo, baada ya kupanga foleni katika mojawapo ya afisi za baraza zilizokuwa zimetapakaa jijini, kuanzia jumba la NHC kwenye Aga Khan Walk hadi Mitihani House kwenye Dennis Pritt Road.

Ukifanya karatasi moja iwe kila kitu, watu wataitengeneza karatasi hiyo. River Road imekuwa na sifa hiyo tangu enzi za mashine za kupigia chapa za mkono, na teknolojia imeirahisishia kazi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa serikali, ikakuta 2,067 walikuwa na vyeti ghushi. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Ila mimi nilijiuliza swali jingine: hao watu walikuwa kazini, baadhi yao kwa miaka mingi, na kilichowakamata ni ukaguzi wa karatasi. Ina maana kazi yenyewe haikuwa imewafichua. Ama mabosi wao walikuwa wamelala, ama gredi iliyodaiwa haikuwa na uhusiano na kazi iliyofanywa. Naogopa yote mawili ni kweli, na la pili halikujadiliwa popote.

Elekea magharibi sasa, upite Kileleshwa uingie Lavington, ukakutane na watoto wa jiji hili hili wanaomaliza shule kwa masharti mengine kabisa. St. Mary's pale Rhapta Road ina wanafunzi wa Baccalaureate ya Kimataifa, IB. Aga Khan Academy iliyoko Parklands pia. International School of Kenya, iliyoanzishwa 1976 kwa ushirikiano wa serikali za Marekani na Kanada kule upande wa Peponi Road, hutoa IB pamoja na diploma ya mtindo wa Kimarekani. Gitanga Road ina shule za mtaala wa Kiingereza ambako watoto hufanya IGCSE kisha A-level. Karo zao sizungumzii. Kila mtu anazijua au anaziogopa. Nazungumzia masharti.

Anayetaka diploma ya IB sharti afikishe pointi zisizopungua 24 kati ya 45. Sharti aandike insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000 juu ya swali alilolichagua mwenyewe. Sharti asome somo la nadharia ya maarifa. Na sharti akamilishe mpango wa ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, unaoitwa CAS. Huu wa mwisho hauna alama hata moja. Lakini mwanafunzi mwenye pointi 40 asiyeukamilisha hapati diploma. Mfumo wa Kimarekani nao huhesabu kozi: mwaka baada ya mwaka unakusanya, Kiingereza miaka kadhaa, hisabati, sayansi, elimu ya mwili, na ukitimiza hesabu umehitimu, uwe wa kwanza au wa mwisho darasani. Siku ya kuvaa joho mtoto anajua amemaliza. Mtihani wa kujiunga na chuo ni jambo jingine, la siku nyingine.

Sisemi mifumo hiyo ni bora. Diploma ya Marekani imelaumiwa kwao wenyewe kwa kuwahitimisha vijana wasiojua kusoma sawasawa, na majimbo kadhaa huko yameweka mitihani ya kuhitimu kisha yakaiondoa. Ninachosema ni kwamba inatenganisha maswali mawili ambayo sisi tumeyasokota pamoja kama kamba ya katani: je, umemaliza? Na je, umewashinda wenzako? Mtoto wa Peponi Road anajibiwa la kwanza kabla ya la pili. Mtoto wa shule ya kutwa ya Dagoretti hujibiwa la pili tu.

Jibu hilo la pili humfuata mpaka uzeeni. Nenda Karen, kwenye Kenya School of Law, ambako kila anayetaka kuwa wakili hupitia. Sheria ya chuo hicho ya 2012, kama chuo chenyewe kilivyolisoma jedwali lake la pili, inamdai mwenye shahada ya sheria ya chuo kikuu cha Kenya awe pia alipata C+ katika KCSE, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Wapo waliopata C au D+ kidato cha nne, wakaanza na cheti, wakapanda hadi stashahada, wakapata shahada ya sheria kihalali, kisha wakafika Karen wakaulizwa karatasi waliyoiandika wakiwa na miaka 17. Kesi zao zimejaa mahakamani na zimefika hadi Mahakama ya Rufaa. Hoja ya kisheria ni jinsi vipengele vya jedwali vinavyosomwa, na mawakili watabishana juu ya hilo mpaka kiama. Hoja ya kielimu ni nyepesi zaidi. Chuo kikuu kimepima Kiingereza cha mtu huyu kwa miaka minne, kwa karatasi nyingi kuliko alizowahi kuandika KNEC. Kama kipimo hicho hakiaminiki, tufunge vitivo vya sheria. Kama kinaaminika, KCSE inatafuta nini pale?

Majirani zetu wamelishughulikia jambo hili kwa njia zao. Tanzania ina madaraja, la kwanza hadi la nne, na sifuri. Mstari wao uko wazi, na mwaka 2012 waliona bei yake: zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013 nchi ilitikisika, tume ikaundwa, na baadaye matokeo yakapangwa upya. Funzo ninalolipata pale halihusu ubaya wa mstari. Ukichora mstari lazima uwe tayari kuona ni wangapi wako chini yake, na wale wa 2012 walikuwepo kabla ya kuhesabiwa. Kenya tuna wa kwetu vilevile. Tumewagawia herufi tu.

Uganda wamefanya jambo linalotuhusu zaidi. Mtaala wao mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na mtihani wa kwanza wa cheti chini yake ulifanywa 2024, matokeo yakatoka Februari 2025. Asilimia 80 ya alama ni ya mtihani wa mwisho na 20 ni ya kazi za darasani. Wakafuta madaraja wakaweka makundi matatu. Tokeo la 1 ni la aliyetimiza masharti ya kupewa cheti. Tokeo la 3 ni la aliyekosa hata D moja. Katikati kuna Tokeo la 2: huyu hakutimiza masharti, kwa mfano hana alama za kazi za darasani au hakufanya mradi. Asilimia 98 hivi walipata cheti, kwa hiyo kizingiti si kirefu. Lakini kipo, kimeandikwa, na mzazi wa Jinja au Mbarara anaweza kukisoma kabla ya mwanawe kuingia chumba cha mtihani.

Sasa zamu yetu. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, CBC, liliingia Gredi ya 10, sekondari pevu. Wana mikondo mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa sayansi ya jamii; na wa sanaa na sayansi ya michezo. Kila mwanafunzi ana masomo saba. Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii ni lazima, matatu anachagua. Hisabati ilikuwa imeachwa iwe ya hiari kwa baadhi ya mikondo mpaka wananchi walipopiga kelele, na mwaka 2025 Waziri Ogamba akairudisha kwa wote, nzito kwa wana-sayansi na nyepesi kwa wengine. Watafanya tathmini ya mwisho 2028. Tathmini ya Gredi ya 9 ya mwaka 2025 ilishaonyesha mwelekeo: asilimia 60 ilitoka kwenye karatasi ya mwisho, 20 kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 kwenye kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8.

Hapa ndipo ningemshika mtunga sera mkono. Somo la Huduma kwa Jamii ni la lazima. Vizuri. Asiyelifanya je? Akipata alama bora katika masomo mengine sita lakini hakuwahi kutoka kwenda kusaidia kituo cha afya cha Riruta wala kupanda mti ukingoni mwa Mto Nairobi, atapewa cheti? Kama ndiyo, somo hilo ni pambo la ratiba, na kufikia muhula wa tatu walimu watakuwa wamelifanya kipindi cha marudio ya Hisabati. Kama hapana, basi kwa mara ya kwanza tangu 8-4-4 ianze tutakuwa na sharti la kuhitimu lisilopimwa kwa karatasi, kama CAS ya wale wa Rhapta Road. Mimi nataka la pili. Ila nalitaka nikijua jiji hili. Wazazi wa Nairobi wameshanunua miradi ya CBC kwenye saiba, imechapishwa kwa rangi na kukatwa vizuri kuliko mtoto yeyote awezavyo, na walimu wenye darasa la wanafunzi sitini wameipa alama kwa sababu hawana muda wa kuuliza nani aliyeshika mkasi. Huduma kwa jamii itanunuliwa vivyo hivyo, barua ya mchungaji au ya chifu ikiwa ndiyo ushahidi. Tahadhari ndogo: isipewe gredi. Iwe imefanywa au haijafanywa. Kitu kisichokuongezea pointi hakina faida kubwa ya kughushiwa.

Na mstari wa chini je? Ningeuweka, na ningeuweka mahali pa chini lakini imara: kusoma, kuandika na hesabu ya maisha ya kila siku, kwa kiwango kilichoelezwa kwa maneno ambayo mzazi wa Kangemi atayaelewa. Asiyeufikia asiandikiwe chochote cha kudumu. Apewe nafasi ya kurudia somo hilo moja, mwaka ujao au miaka mitano baadaye, bila kurudia mtihani mzima. Wenzangu katika taaluma wananiambia mstari utawaumiza watoto wa shule zisizo na maabara wala walimu wa kutosha, kwamba Precious Blood Riruta itavuka yote na shule ya kutwa jirani yake itabaki chini. Ni kweli itaonekana hivyo. Lakini E 48,000 za 2023 hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilikuwa na shule na kaunti zao, na kwa sababu kila mmoja alipewa cheti hakuna aliyeulizwa kwa nini. Shule ambayo theluthi ya watoto wake haifikii mstari ulioandikwa kisheria inaidai serikali mwalimu. Shule yenye theluthi ya D- inadaiwa maelezo na wazazi.

Yapo mawili ya haraka kuliko hayo yote. La kwanza, masharti ya cheti cha Gredi ya 12, yawayo yote, yachapishwe kabla watoto hawa hawajaingia Gredi ya 11, na yasiguswe tena mpaka wamalize. Yaliyotokea Agosti 2023 yasirudiwe. La pili linawahusu walio nje ya shule. KCSE ya mwisho kwa wanafunzi wa kawaida itakuwa 2027. Wapo bawabu, makanga na mama mboga kutoka Westlands hadi Dagoretti wenye D wanaotaka D+ ili wajaribu polisi, wenye C wanaotaka C+ ili waingie chuo kikuu, na wenye cheti kilichofungiwa kabatini ambao hawawezi hata kuonyesha walichopata. Hao hawana Gredi ya 12 ya kurudia. Ikiwa mtihani wao utafungwa pamoja na mtaala wake, kila mlango ulioandikwa D+ au C+ katika sheria na kanuni za nchi hii utabaki na kufuli isiyo na ufunguo, na kanuni hizo bado ziko vilevile: za polisi, za uuguzi, za ualimu, na ile ya Karen.